Miezi minane kashika kitasa

Nikikwama kwenye kuandika dawa yangu ilikuwa moja tu, natafuta kitabu kinachoelezea watu wasivyokwama. Sijui ni mimi peke yangu au na wewe uko hivyo. Yaani hadithi iko pale kwenye laptopu, imefika ukurasa wa 14, mhusika wangu kasimama mlangoni kashika kitasa hajui aingie au aondoke, na mimi nimejilaza zangu nasoma jinsi wenzangu walivyomaliza kazi zao. Miezi minane yule bwana kashika kitasa. Miezi minane!

Na utamu wa hivi vitabu vya ubunifu ndo tatizo lenyewe. Ukimaliza sura moja unajisikia kama na wewe leo umefanya kazi, unapiga mstari chini ya sentensi, unakunja kona ya ukurasa, unalala kwa amani kabisa wakati hujaandika hata neno.

Ila nisieleweke vibaya, sivisemi kwa ubaya, na bado ninavyo saba na sigawi hata kimoja. Ninachosema ni kwamba zile sehemu za kutia moyo, mara jiamini, mara usiogope kushindwa, sikumbuki hata moja. Vilivyobaki kichwani ni vile vitu vidogovidogo vya kushikika. Mfano Twyla Tharp, mtunzi wa dansi wa Marekani, kwenye The Creative Habit cha 2003 anasimulia kwamba anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anavaa nguo za mazoezi, anatoka nje anasimamisha teksi impeleke jimu. Halafu anasema kitu kilichonishangaza, kwamba tambiko lake sio yale mazoezi, ni ile teksi! Akishamwambia dereva anakokwenda basi imeisha hiyo. Nilirudia ile sehemu kama mara tatu hivi. Huyuhuyu mama kila kazi mpya anaianzishia boksi lake, analiandika jina, anatupia humo chochote kinachohusiana na ile kazi, magazeti aliyokatakata, kanda, vitabu, picha. Nikachukua boksi la viatu na mimi. Likakaa wazi wiki mbili ndani likiwa na risiti na kofia ya peni lol.

Anne Lamott naye, mwandishi wa Marekani, kwenye Bird by Bird cha 1994, jina limetoka kwa kaka yake alipokuwa na miaka kumi, alipewa ripoti ya ndege akawa na miezi mitatu ya kuiandika, hakufanya, inafika siku ya mwisho kesho anatakiwa kukabidhi mtoto kakaa mezani kazungukwa na vitabu machozi yanamlenga, baba yake akamshika bega akamwambia we nenda na ndege mmoja mmoja. Sasa wengi wanaishia hapo kwa ndege, mi nilichoiba ni fremu. Ana kifremu cha picha cha inchi moja mezani kwake, cha kumkumbusha kwamba akikaa kuandika anatakiwa aandike tu kile kinachoenea humo ndani. Inchi moja basi.

(Stephen King, yule wa riwaya za kutisha, nimesoma pia, kile cha On Writing cha 2000, sehemu ya kugongwa na gari akiwa bado hajakimaliza halafu akarudi mezani na maumivu yake yote ilinifanya nione aibu siku nzima. Lakini aibu haiandiki hadithi, nimejaribu.)

Sasa aliyenikamata hasa ni Julia Cameron. The Artist's Way, 1992, ni kozi ya wiki 12 na kila asubuhi unaandika kurasa tatu kwa mkono, chochote kinachokuja, usijali kama ni pumba. Zangu zilikuwa malalamiko matupu, usingizi, hela, mgongo, usingizi tena. Kwa bahati anakwambia usizisome mwanzoni na usimwonyeshe mtu, maana ningeacha siku ya tatu. Nikaenda nazo vizuri tu mpaka wiki ya nne. Kufungua wiki ya nne nakuta kazi ya wiki nzima ni hii: usisome. Kitu chochote! Nikacheka kwanza, kisha nikakasirika kweli, kitabu nimekinunua kwa hela yangu halafu kinaniambia nikifunge?

Nikakifunga kwa hasira. Siku ya kwanza nikapangua kabati la nguo. Siku ya pili nikaosha viatu vyote hadi nisivyovivaa, na mkono kila saa unaenda kwenye simu, maana nikaona kama vitabu ni marufuku basi na simu nayo ni kusoma. Siku ya tatu jioni nimekaa, hakuna cha kusoma, kabati safi, viatu vinakauka, macho yakaenda kwenye lile boksi. Nikasema haya, inchi moja, nitaandika kitasa tu na mkono wa huyu jamaa. Kitasa cha shaba kimelegea, skrubu moja haipo, na kimeshapata joto la kiganja chake kwa jinsi alivyokishika muda mrefu, na hapo kwenye joto ndo nikamjua. Mtu anayetaka kuingia hawezi kushika kitasa mpaka kikapata joto.

Kumbe hakutaka kuingia kabisa. Miezi yote ile namsukuma aingie ndani na ndani sina hata la kumpa.

Kaachia, kaondoka. Saa hizi yuko kituo cha basi, ukurasa wa 22, kuna mvua na kakaa karibu na mwanamke mwenye mkoba mwekundu ambaye bado hajasema kitu. Wiki ya tano ya Cameron sijaifungua.