Nilivyoielewa injini ya mvuke kwa kuanzia kwenye moto

Mkusanyiko wa injini za mvuke na mashine za kilimo za zamani una vyuma vingi mno kwa siku moja. Mimi nilichagua injini moja nikaifuata kuanzia kwenye moto hadi kwenye nafaka, na njia hiyo ilinifaa sana. Uliza mapema ni siku gani injini zinawashwa, kisha ufike asubuhi kabla mvuke haujapanda.

Boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji, ikiwa imepoa huchukua saa kadhaa kupata mvuke, maana chuma kikipashwa joto haraka hutanuka ovyo na viungo huanza kuvuja. Muda huo mafundi wana nafasi ya kuzungumza. Nilimwamkia mmoja aliyekuwa akitia oili, nikamwuliza, "Fundi, kitu gani hukiondolei macho?" Akanionyesha bomba la kioo lililosimama wima kwenye boila. Humo ndimo unamoona kina cha maji. Maji yakipungua hadi paa la tanuri, yaani chumba cha moto kilichomo ndani ya boila, likabaki wazi, chuma hulainika na boila inaweza kulipuka. Ndiyo maana paa hilo huwekewa kizibo chenye madini ya risasi: joto likizidi, risasi huyeyuka na mvuke humwagika kwenye moto. Kidude kidogo kile ndicho kinga ya mwisho ya dereva.

Presha ilipofika kiwango, mvuke ukaanza kusukuma pistoni, kile chuma kinachokwenda na kurudi ndani ya silinda, mara upande huu mara ule, gurudumu kubwa likashika kasi, na mkanda ukaizungusha mashine ya kupura. Mkanda wenyewe ni mrefu sana, umepindwa katikati kama namba nane. Urefu huo una sababu: cheche za dohani zisifike kwenye majani makavu. Ndani ya mashine masuke yanapigwa, chekeche zinatikisika, feni inapeperusha makapi, na ngano safi inaingia kwenye gunia. Simama upande ambao upepo unatokea, vinginevyo vumbi lote ni lako.

Lakini kilichonikosha hasa ni kulima. Injini ina uzito wa tani nyingi, na ikiingia shambani inashindilia udongo. John Fowler wa Uingereza, aliyepata tuzo ya pauni 500 mwaka 1858 kwa plau yake ya mvuke, alitumia kamba ya chuma kuvuta plau huku injini ikibaki pembeni. Baadaye zikatumika injini mbili, moja kila ukingo wa shamba, zikipokezana kuvuta. Plau yenyewe haigeuzwi: ina majembe pande mbili, upande mmoja ukilima mwingine uko hewani, na ikifika mwisho inainamishwa tu. Nenda ukaione kamba ile ikikaza, ila kaa mbali nayo, na usivuke mstari wake hata kama imelegea.