Manyunyu ya Mwambani

Juzi umeme ulikatika na manyunyu hayajalowesha hata ukuta wa uani. Kitinda mimba wangu, yule mwenye maswali, akaniuliza: "Baba, kwani umeme unaogopa maji?" Kabla sijajibu akaongeza la pili: mbona masika ikimwaga kutwa nzima tunatazama tamthilia bila shida? Nikamwambia aende akalale. Aliyekesha ni mimi, nikiukumbuka usiku mmoja wa zamani.

Wakati ule nilikuwa bado msaidizi, mbeba ngazi na kamba, chini ya Mzee wetu wa Pangani, fundi wa laini za umeme. Kaskazi ilikuwa imevuma toka Desemba bila tone la maana. Laini ya kilovolti 33 iliyokwenda upande wa Mwambani, huko pwani, ikawa na tabia moja: inajikata alfajiri, saa za umande, na jua likishapanda ukiiwasha inakubali, haina neno. Tuliikagua mchana nguzo kwa nguzo. Hakuna tawi lililogusa waya, hakuna kunguru aliyekufa chini, hakuna kikombe kilichopasuka, kile cha kaure kinachoushika waya usiguse nguzo. Ofisini wakaamua breka ya kituoni, ile swichi kubwa inayokata umeme penye hitilafu, ndiyo mbovu, wakaanza kutafuta ya kubadilisha.

Mzee akasema, "Bwana mdogo, mgonjwa anayeumwa usiku humwendei mchana. Leo tunalala huko."

Gari tuliliegesha upande wa mikoko, taa tukazima. Upepo ulikuwa umelala. Mpaka saa tisa hapakuwa na kitu ila mbu, nami nikaanza kumwonea huruma Mzee kwa kukosa usingizi bure. Kwenye saa kumi hivi yakaanza manyunyu, yale membamba ambayo huyasikii juu ya bati, unayajua kwa kuwa mkono umekuwa baridi.

Ndipo nguzo ikaanza kusema. Kwanza mvumo wa chini, halafu mlio wa dagaa wanaotiwa kwenye mafuta ya moto. Nikainuka kusogea. Mzee akanishika shati.

"Papo hapo. Tazama shingoni mwa kikombe."

Shingoni, pale kaure inapokutana na chuma, ukatokea uzi wa mwanga, zambarau, usiozidi urefu wa kucha. Ukazimika. Ukatokea mwingine upande wa pili. Ukazimika. Mzee akanieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ile nguzo ingesikia. Chumvi ya bahari na vumbi la barabara vimekaa juu ya vikombe miezi yote hii, na vikiwa vikavu havina madhara. Manyunyu yanavilowesha bila kuviosha, vinakuwa utando unaopitisha umeme kidogo. Umeme ule unaupasha utando joto, sehemu nyembamba inakauka, inabaki pete kavu. Sasa nguvu yote ya laini inaikalia ile pete moja, na lazima iiruke. Huo ndio uzi ninaouona. Pete inalowa tena, nyingine inakauka pengine, mchezo unaendelea.

"Na mvua kubwa?" nikauliza.

"Mvua kubwa ni mfuaji. Huyu wa leo kalowesha nguo akaondoka."

Nyuzi zikarefuka. Zambarau ikaingiwa na njano iliyokolea, rangi ambayo sikuitarajia kwenye umeme. "Hiyo njano ni chumvi inajitaja," Mzee akasema. Uzi wa kikombe cha juu ukatambaa juu ya mikunjo, ukasita, ukarudi nyuma, ukatambaa tena. Wa chini ukapanda kuupokea. Nakumbuka nilikuwa nimeziba masikio na hakuna aliyeniambia nizibe.

Zikakutana. Mweupe ule sijapata neno lake, niliona mifupa ya mikoko yote mpaka maji. Kisha kishindo, kisha giza Mwambani nzima, mbwa wakashika zamu. Swichi ya kujirudisha yenyewe ikajaribu: mweupe tena, kishindo tena. Baada ya hapo haikujaribu tena. Ikabaki harufu kali inayokwaruza pua, na Mzee anacheka peke yake kwenye giza. "Breka mbovu," akasema. "Breka imefanya kazi kuliko sisi."

Mengine yalikwenda haraka. Asubuhi laini ikazimwa, ikaunganishwa na ardhi kwa usalama, tukapanda na vitambaa na ndoo. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka na tope la kijivu. Mzee akaniambia nionje ncha ya kidole, nikaonja: chumvi tupu. Akanionyesha kwa kidole ile mikunjo ya chini ya kikombe, kwamba haikuwekwa kwa urembo, ni ya kuirefusha njia ambayo umeme ungetambaa. Kanuni aliyofundishwa yeye ni milimita 16 kwa kila kilovolti penye hewa safi, na 31 penye uchafu mzito kabisa, pwani kama hii. Kwa laini ya 33 hiyo inapita mita moja ya uso. Tulipopima vyetu havikufika. Akaandika aombe vikombe virefu, au vile vya mpira wa silikoni ambavyo maji hujikusanya matone matone badala ya kutandaa, au walau grisi ya silikoni.

Fomu ya hitilafu ilikuwa na vyumba vya kutia alama: mti, ndege, radi, ajali ya gari, hali ya hewa. Mzee aliikodolea macho muda mrefu, akanisukumia. "Tia hali ya hewa. Chumvi haina chumba."

Wiki ile ile masika ikafunguka, ikamwaga mfululizo, na laini ya Mwambani haikujikata tena. Ofisini wakatusifu kwa kufuta. Mimi mpaka leo siwezi kuapa kwamba ni vitambaa vyetu na si ile mvua. Kaskazi iliyofuata tuliletewa vitambaa vipya, robota zima. Silikoni hatukuiona.