Kujenga Inkscape kutoka kwenye msimbo chanzo

Wiki iliyopita nilijenga Inkscape, programu huria ya kuchorea michoro ya vekta, kutoka kwenye msimbo wake chanzo, katika kompyuta yenye Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, na RAM ya gigabaiti 8. Kilichonichukua muda ni vitegemezi, yaani maktaba (mikusanyo ya msimbo uliokwisha andikwa) ambazo programu huzihitaji.

CMake, zana inayoandaa ujenzi, ilisimama ikidai haioni GSL, maktaba ya hesabu, ilhali maktaba hiyo ilikuwa imeshasakinishwa. Sababu ni kwamba Debian huigawa maktaba katika pakiti mbili: moja hubeba maktaba yenyewe, inayohitajika programu inapofanya kazi, na nyingine, ambayo jina lake huishia kwa -dev, hubeba faili za heda, zinazoeleza yaliyomo katika maktaba, ambazo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tayari) huzisoma wakati wa kujenga. Nilipoweka libgsl-dev, kazi ikaendelea. Njia fupi ni amri ya apt build-dep inkscape (apt ndiyo zana ya Debian ya kusakinisha pakiti), mradi mistari ya deb-src, inayoielekeza apt kwenye msimbo chanzo, iwe imewashwa; hata hivyo, amri hiyo huleta vitegemezi vya toleo lililomo ndani ya Debian, na msimbo mpya zaidi huenda ukadai vya ziada.

Maktaba ya lib2geom, ya hesabu za maumbo, huja kama moduli ndogo ya git, zana ya kupakua na kutunza msimbo, hivyo anayesahau kuongeza --recurse-submodules anapopakua msimbo hukuta folda tupu.

Nilijenga kwa ninja -j2, yaani zana ya ninja ikifanya kazi mbili tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa kujenga msimbo wa C++ hula RAM nyingi, kisha nikasakinisha ndani ya ~/.local, folda iliyo chini ya akaunti yangu, ili nisiguse /usr, folda ya programu za mfumo, ambayo ni milki ya apt. Kwangu huo ndio ustaarabu. Dirisha lilipofunguka, nilichora duara moja, nikalihifadhi.