Lango limefunguliwa, wageni hawapo: nilivyovuka Korona na biashara ya watalii Orlando

Kazi yangu ni kubeba watalii. Naishi Kissimmee, Florida, jirani kabisa na bustani za burudani za Orlando, na kabla ya Korona nilikuwa na magari mawili: basi dogo la viti 12 na gari dogo la familia. Wateja wangu wakubwa walikuwa Waingereza, ambao huja na watoto wakati wa Pasaka na Agosti, na Wabrazili wanaojaa Julai na Januari, wakitembea makundi makundi nyuma ya kiongozi mwenye bendera. Nawapokea uwanja wa ndege, nawafikisha hotelini, kesho yake asubuhi nawashusha langoni mwa bustani na usiku nawafuata fataki zikishaisha. Sehemu kubwa ya mji huu inaishi hivyo. Anayefua mashuka, anayekaanga kuku, anayeuza fulana za bei ya kutupa kando ya barabara ya 192, wote tunakula kupitia lango lilelile. Mama yangu aliyeko Tanga hakuwahi kulielewa hili vizuri. Nilipompigia kumweleza kwamba pesa ya mwezi ule itapungua, aliniuliza, "Mwanangu, kwani watu wasipocheza ninyi hamli?" Nikamwambia ndivyo hivyo, Mama, hatuli.

Machi 12, 2020 Disney, mojawapo ya kampuni zenye bustani hizo, ilitangaza kwamba itafunga ikimaliza kazi ya Machi 15. Universal nayo ikasema vivyo hivyo, SeaWorld ikafuata. Mpaka mwisho wa mwezi, walisema. Kabla mwezi haujaisha Disney ikasema itabaki imefungwa hadi itakapotangaza tena, na Universal ikataja Aprili 19, kisha Mei 31. Shemeji yangu, ambaye alikuwa anafanya usafi hotelini, kila tangazo likitoka alinitumia ujumbe: "Shemeji, tarehe hiyo, kaa mkao wa kula!" Baada ya muda tarehe inafutwa, inakuja nyingine. Tulipigwa danadana mpaka nikawa sifungui tena simu nikiona jina lake.

Kufungwa kwenyewe hakukuniumiza kichwa sana. Ukiambiwa tumefunga mwaka mzima, unauza gari, unatafuta kazi nyingine, maisha yanaendelea. Taabu ni ile tarehe ya karibu karibu, ambayo haikulishi lakini inakuzuia usiuze. Rejesho la basi dogo lilikuwa palepale. Bima ya gari la biashara huku si mchezo. Kulikuwa na kibali cha kuchukua abiria uwanja wa ndege, na zaidi ya yote amana za wateja wa Pasaka na Agosti, ambao walianza kuuliza kwa upole wa Kiingereza kama bado tupo.

Mwanzoni mwa Aprili mimi na mke wangu tulikaa mezani tukakubaliana jambo moja. Hakuna senti itakayotoka ndani kwa sababu ya tarehe iliyotangazwa na bustani. Itatoka pale tu ambapo mgeni wetu ana tiketi ya ndege mkononi, na ndege hiyo inaruhusiwa kuleta watu wa nchi yake. Mke wangu ndiye aliyeona hilo, kwa sababu yeye alikuwa anafuatilia habari za viza na mipaka kuliko habari za bustani. Marekani ilikuwa imeshazuia wasafiri wa Ulaya bara tangu Machi 13, na Uingereza siku chache baadaye. Mwishoni mwa Mei ikaja zamu ya Brazil. Kwa hiyo hata lango likifunguliwa kesho, watu wangu mimi hawawezi kuvuka.

Amana nilizimaliza kwanza. Niliandika ujumbe mmoja wa WhatsApp, mfupi, nikautuma kwa kila mteja: chagua kurudishiwa pesa yako kwa awamu tatu, au iache hapa kwa safari yoyote utakayofanya, bila kikomo, kwa bei ileile. Wachache walitaka pesa zao, nikaanza kuwalipa. Wengi waliziacha. Bei ileile iliniumiza baadaye mafuta yalipopanda, lakini ilininunulia kitu ambacho tangazo la gazetini lisingeninunulia. Bibi mmoja wa Leeds alihamisha safari yake kutoka Pasaka kwenda Agosti, kutoka Agosti kwenda Pasaka ya 2021, na kila akihamisha ananiuliza hali ya watoto wangu.

Kisha yakaja magari. Florida ina sheria ambayo wageni wengi hawaijui: huwezi kukatisha bima wakati kibao cha namba bado unacho. Lazima ukirudishe kwanza, la sivyo leseni yako ya udereva inasimamishwa. Nilikwenda uani na bisibisi, nikafungua skrubu za kibao cha basi dogo. Mbili za chini zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi nizimwagie mafuta na kusubiri mpaka jioni. Majirani walikuwa wanatazama. Mmoja akauliza kwa sauti kutoka upande wa pili wa uzio kama nimefilisika. Nikamwambia nimeegesha. Nilikwenda kukirudisha, nikadai risiti, na risiti hiyo ndiyo niliyompelekea mtu wa bima. Siku ile mzigo ulipungua karibu nusu. Rejesho la basi niliomba lisogezwe mbele, nikakubaliwa miezi kadhaa, kwa maandishi. Bila maandishi usikubali, maana anayekuahidi kwenye simu leo si yeye atakayepokea simu yako mwezi ujao.

Gari dogo nilibaki nalo likiwa na bima yake, nikaenda kubeba boksi. Waliobaki nyumbani Bongo wakisikia neno hilo hucheka, lakini mwaka ule boksi lilikuwa mkombozi. Watu walijifungia, wananunua kila kitu mtandaoni, maghala yanatafuta watu usiku na mchana. Nilipata zamu ya usiku. Mgongo ulilalamika, nikazoea.

Tulikuwa pia na mchezo wa pesa, Watanzania na Wakenya wa hapa, karibu wote wa hoteli na mikahawa. Wengi walikuwa kwenye likizo bila malipo na mafao ya wasio na kazi yanachelewa. Kijumbe wetu, mama mmoja mwenye msimamo, alipiga simu kwa kila mtu. Akapanga upya zamu: asiye na kipato kabisa apokee mapema, wenye boksi tusogee nyuma, na fungu lipunguzwe. Kulikuwa na manung'uniko. Aliyekuwa azibe paa la nyumba yake Kisumu kwa zamu ya Mei alinuna kweli. Lakini mchezo haukuvunjika, na najua michezo mingine iliyovunjika na watu hawasalimiani hadi leo.

Mei 27 tulikaa mbele ya simu kutazama kikao cha kikosi kazi cha kufufua uchumi cha kaunti ya Orange, ambamo Orlando imo. Disney ikaleta pendekezo lake la kufungua bustani zake nne: Magic Kingdom na Animal Kingdom Julai 11, Epcot na Hollywood Studios Julai 15. SeaWorld ikataja Juni 11. Universal ilikuwa imeshapangiwa Juni 5. Safari hii tarehe zilikuwa za kweli, na zote zilitimia. Shemeji alikuja nyumbani na soda. Akataka kujua basi dogo linarudi lini barabarani. Nikamwambia kanuni yetu. Akaona nimekuwa mwoga.

Lango lilifunguliwa Julai 11. Siku iliyofuata jimbo likatangaza wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 kwa siku moja. Niliwahi kupeleka familia moja kutoka Tampa kwa gari dogo, nikaona nilichokuwa nimekitarajia. Mahema ya kupima joto, mistari chini ya kuonyesha mtu asimame wapi, barakoa kwa kila mwenye umri wa miaka miwili na zaidi, na kuingia ni kwa nafasi uliyoweka kabla. Hakuna gwaride, hakuna fataki. Bila fataki, wageni wanatoka mapema na kutawanyika, hivyo hata ile safari yangu ya usiku, ambayo ndiyo yenye bakshishi, ikawa haipo. Waliokuja wengi ni watu wa humuhumu Florida, na mtu wa Florida anakuja na gari lake. Jirani yangu mwenye mabasi mawili aliyarudisha yote Julai. Ilipofika Oktoba yalikuwa yameegeshwa tena, na ameshalipa bima nzima.

Septemba 29 Disney ikatangaza kupunguza wafanyakazi 28,000 katika bustani na biashara zake nchini. Hoteli ya shemeji, ambayo si ya Disney, nayo haikumrudisha. Nikampeleka ghalani kwangu. Tulikuwa tunapokezana kuendesha, yeye kwenda, mimi kurudi, na hapo ndipo aliacha kunitumia tarehe.

Mwaka 2021 ulikuwa wa kuvuta subira tu. Waingereza walichanjwa, wakaruhusiwa na serikali yao kusafiri kuanzia Mei, lakini mlango wa Marekani bado. Septemba 20 Ikulu ya Marekani ikasema utafunguliwa Novemba, bila siku. Nilisubiri. Katikati ya Oktoba ikatajwa Novemba 8, na wiki hiyohiyo bibi wa Leeds akanitumia picha ya tiketi. Hapo ndipo nilipokwenda kuchukua kibao kipya cha namba, nikabadilisha betri na matairi ya basi, nikamrudia mtu wa bima. Ule mto wa kiti niliomwekea mjukuu wake tangu 2020 haukuhitajika tena, mtoto amerefuka.

Wageni wa ng'ambo walirudi taratibu, si kwa mafuriko. Kilichonishangaza ni kitu kingine: Disney ilikuwa na mabasi ya bure ya kutoka uwanja wa ndege kwa wageni wa hoteli zake, na ikayasitisha kwa wanaofika kuanzia Januari 1, 2022. Simu zikaanza kuita kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kunihitaji. Shemeji, ambaye sasa ndiye dereva wangu wa pili, anataka tununue basi jingine. Mimi nimesema tukodi la Desemba na Julai, mengine tutaona vitabu vya oda vinasemaje.