Joto la Injini ya HiAce

Katika kazi yetu ya kuosha vioo vya mahoteli hapa Malindi, chumvi ya bahari haikuwahi kutushinda. Kusi likianza kuvuma, upepo hutoka baharini moja kwa moja na kuitandaza juu ya kila kioo kinachotazama mashariki, kuanzia Silversands mpaka barabara ya Casuarina, lakini chumvi huyeyuka kwa maji baridi karibu sawa na inavyoyeyuka kwa maji ya moto. Unaipitishia maji, inakwenda zake. Kilichokuwa kikitutoa jasho mimi na mdogo wangu ni popo. Usiku popo hula kungu kwenye mikungu ya mahoteli, halafu hujitundika chini ya paa za makuti na kumwaga uchafu wa kahawia unaoganda kwenye kioo kama lami. Kuna na moshi wa mafuta unaotoka jikoni, unaokaa juu ya vioo tabaka kwa tabaka. Na kuna mafuta ya jua ambayo wageni hujipaka kabla ya kwenda ufuoni, kisha wakasukuma milango ya vioo kwa viganja na mabega. Hayo maji baridi huyazungusha tu. Unapiga brashi mpaka mkono unakufa ganzi, jua linayakausha maji juu ya kioo, na ukitazama kwa upande bado unaona ukungu wa mafuta.

Kazi yetu tulikuwa tukiifanya bila sabuni na bila ngazi. Garini mlikuwa na tangi la lita 500, pampu ndogo ya volti 12, na upondo wa kaboni wenye brashi kichwani, mpira wa maji ukipita ndani yake hadi juu. Siri ya kazi hiyo ni maji yenyewe. Maji ya bomba ya Malindi hutoka kwenye visima vya Baricho, ukingoni mwa mto Sabaki, na siku bomba likikauka tulichota ya kisima cha nyumbani, ambayo yana magadi hata chai haiiviki vizuri. Yote mawili, yakikauka juu ya kioo, huacha madoa meupe. Kwa hivyo tuliyachuja: kwanza takataka, halafu mkaa, halafu utando mwembamba unaozuia madini, na mwisho resini inayonyonya kilichobaki, mpaka kipima madini kikasoma 000. Maji ya namna hiyo yakikauka hayaachi kitu. Hupangusi, hugusi kitambaa. Ila yakiwa ya baridi, mafuta ya jikoni hayayajali.

Ilikuwa Julai 2019, wageni wa Agosti wanasubiriwa, na hoteli moja ya Watamu ilikuwa imetuambia wazi kwamba vioo vya mkahawa na vya jikoni visipotoka vizuri safari hii watatafuta watu wengine. Mdogo wangu akapata hita ya gesi, ile ya kutundika ukutani inayowaka maji yakipita. Mpango wake ulikuwa kuifunga ubavuni mwa gari, ndani, na mtungi wa kilo 13 usimame kando yake. Alikuwa ameshapima na nafasi. Mimi moyo ulikuwa mzito, lakini sikuwa na jingine la kumpa. Nikamwambia twende kwa mjomba kwanza.

Mjomba wetu ni fundi wa injini za boti. Zile boti za kuvua nduaro na samsuri nje ya mwamba, ukisikia moja imekwama, huwa ndiye anayetumiwa gari. Tulimkuta nyumbani kwake Shella ya hapa Malindi, jioni, baada ya alasiri, amekaa barazani na kahawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Mumebeba nini?"

Mdogo wangu akamweleza yote, kwa furaha kabisa. Mjomba aliigeuza ile hita, akachungulia juu, pale moshi unapotokea, akaiweka chini taratibu.

"Na moshi huu utatokea wapi?"

"Tutaacha milango ya nyuma wazi, mjomba."

"Na mvua ikija mukaifunga? Na upepo ukisukuma moshi ndani, wewe umeingia kutafuta mpira?"

Hakungoja jibu. Alituambia moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu huishiwa nguvu za miguu kabla hajajua kwamba kuna jambo. Gesi yenyewe ikivuja nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haitoki dirishani. Hulala sakafuni mwa gari, kwenye mikunjo ya bati, ikingoja cheche ya swichi ya pampu. "Botini tunaiogopa gesi kuliko mawimbi," alisema. "Mimi sitawafungia jambo hili, na wala sitaki mtu mwingine awafungie."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Hapo ndipo mjomba aliposimama na kutuita uani.

Nyuma ya banda la kuku, chini ya turubai, palikuwa na silinda ya stenlesi iliyovikwa povu gumu la manjano, imelazwa ubavu. Ilitoka kwenye boti ya matanga iliyokuwa ikivunjwa huko Kilifi. Ilichukua lita 75. Ndani yake, alituonyesha kwa tochi kupitia tundu la juu, kuna koili ya bomba. Maji moto ya injini hupita ndani ya koili, maji ya kuogea hukaa nje yake, hayachanganyiki hata tone. Injini ikifanya kazi joto lake linapita kwenye koili, na joto hilo lingemwagwa baharini au hewani bure. Boti inayolala baharini siku tatu watu wake huoga maji ya moto, na hakuna anayewasha moto kwa ajili hiyo.

"HiAce yenu injini yake haipati moto?" alituuliza. "Basi maji ya moto munayo. Munayatupa kwenye rejeta."

Ninaandika haya miaka imepita na bado sentensi hiyo naisikia.

Siku ya pili, Jumamosi, alikuja nyumbani na vifaa vyake. Kitu cha kwanza hakushika spana. Alilala chini ya gari na tochi, akafuata mabomba kwa kidole. Gari hizi zinazotoka Japani nyingi huja na hita ya abiria wa nyuma, maana kwao kuna theluji, na mabomba mawili ya chuma hupita chini ya sakafu kuiletea maji ya moto kutoka mbele. Hapa Malindi nani atawasha hita? Aliyetuuzia gari alikuwa ameing'oa na kuyaunganisha mabomba yale mawili kwa kipande cha mpira kilichopinda. Mjomba akakigonga kile kipande kwa kidole, akacheka peke yake huko chini. Njia ya kwenda na kurudi ilikuwa imeshatengenezwa tayari. Tena njia hiyo ina faida nyingine: maji ya hita hayangoji themostati kubwa ya rejeta ifunguke, huanza kuzunguka mapema, injini inapoanza tu kupata vuguvugu.

Mahali pa kuweka silinda alipachagua kwa uangalifu mkubwa. Iwe chini, nyuma ya viti, chini ya usawa wa mfuniko wa rejeta. Ikikaa juu, hewa hujikusanya ndani ya koili na haishuki, maji ya injini yanakatika njiani, na injini inachemka barabarani. Kabla ya kutoboa sakafu alipiga alama kwa chaki juu, akarudi chini kuhakikisha haigusi tangi la dizeli wala bomba la breki. Kila tundu lililopitisha mpira alilivika raba pembeni ili bati lisiukate kwa kutikisika. Silinda ikijaa, na chuma chake, ni karibu kilo 100. Alikataa tuifunge kwa kamba. Boliti nne, zikapenya hadi kwenye fremu, na bati nene chini ya kila nati.

Kazi ndogo ndogo sitazieleza zote. Lakini kuna tatu alizozisimamia mwenyewe na hakuturuhusu kuzigusa. Ya kwanza ni valvu ya usalama. Lita 75 za maji zikipata moto kutoka ubaridi wa kawaida hadi nyuzi 80 huongezeka kwa karibu lita mbili, na maji hayabanwi. Lazima yapate pa kwenda, ama kwenye kitungi cha kupokea mfutuko, ama nje kupitia valvu. Alielekeza bomba la valvu hiyo chini ya gari, mbali na miguu ya mtu. Ya pili ni valvu ya kuchanganya. Maji ya silinda huweza kufika karibu na joto la injini yenyewe, na hayo hayafai kwenye brashi wala kwenye mkono. Valvu huyachanganya na ya baridi yatoke kwa nyuzi 50. Kwa hesabu hiyo lita 75 za moto mkali zikawa zaidi ya lita 170 za kufanyia kazi, na upondo hutumia kama lita mbili kwa dakika. Ya tatu ni resini. Haivumilii joto, huharibika, kwa hivyo maji yachujwe kwanza, yapate moto mwisho. Hapo palikuwa na baraka tuliyoipata bila kuitafuta: maji yaliyokwisha kuchujwa hayana chokaa, na koili haikupata kamwe ule ugaga mweupe unaoziba birika za nyumba za Malindi.

Magharibi ilitukuta tunatoa hewa. Mji wetu ni tambarare, hakuna kilima cha kuegesha gari pua ikiwa juu, basi tuliinua mbele kwa jeki mbili na kuweka magogo chini ya matairi. Mjomba akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, akajaza kulanti, yale maji ya kupozea injini, akawasha. Mdogo wangu alishika mpira wa kurudi. Kwa muda ulikuwa wa baridi, na ndani yake unasikia maji yakiguguma. Mjomba akaufinya, akauachia, akaufinya tena. Kulanti ikashuka mdomoni mwa rejeta kwa mkupuo mmoja, mapovu yakapanda, akaongeza. Halafu mdogo wangu akaondoa mkono haraka. "Umepata moto, mjomba!" Mpira wa kwenda na wa kurudi vyote vilikuwa na joto. Hewa imetoka.

Usiku ule tulifunga karatasi za choo kwenye kila kiungio, zikakaa mpaka alfajiri. Baada ya sala nilizikagua moja moja. Karatasi hulowa kwa tone ambalo jicho halilioni. Zote zilikuwa kavu.

Jumatatu tulikwenda Watamu. Ni zaidi ya kilomita 20, unapita Gede, na safari hiyo peke yake ndiyo iliyopasha maji. Tulipofika hotelini kipima joto cha silinda kilikuwa kimepita nyuzi 70. Mama aliyesimamia usafi alitupeleka moja kwa moja kwenye vioo vya jikoni, vilivyo virefu, chini ya mdomo wa feni. Nikamwomba azime kiyoyozi cha mkahawa kwanza, kwa sababu kioo chenye ubaridi upande mmoja ukakimwagia moto upande wa pili kinaweza kupasuka, hasa kama ukingo wake una ufa mdogo. Tukaanza na upande wa kivuli.

Mpira wa upondo, ambao asubuhi huwa mkavu na unapinga kila kona, ulilegea. Nywele za brashi nazo zikalainika. Nilipitisha mara moja juu ya mafuta na nikaona yakibadilika rangi, manjano ikawa maziwa, yakateremka kwa mistari. Mara ya pili kioo kikaonyesha mikeka ya ndani. Uchafu wa popo nilitulia juu yake, maji yakimwagika bila kusugua, ukavimba, ukaachia wenyewe. Mdogo wangu alikuwa chini, ameshika mpira, anatazama juu bila kusema neno.

Yule mama alitoka, akapitisha kiganja juu ya kioo kilichokauka, akakinusa.

"Mumetia dawa gani?"

"Maji tu, mama."

"Maji gani haya?" Akaita mpishi aje aone. Kisha akatuonyesha ghorofa ya juu, vyumba vinavyotazama bahari, ambavyo hatukuwa tumepewa.

Tangu hapo ratiba yetu ikabadilika. Kazi za Watamu na Mayungu tukaziweka asubuhi kwa sababu njia inapasha maji. Za Malindi mjini, ambako gari halipati hata muda wa kupata moto, tulitumia hita ndogo ya umeme iliyokuja na silinda, wati 1,200, tukaichomeka nyumbani kabla ya alfajiri. Kufika nyuzi 60 inataka zaidi ya saa mbili. Hita ya gesi mjomba aliichukua akaifunga nje ya ukuta wa bafu la mama yetu, mtungi nao nje, peupe, na mama mpaka leo huogea maji yake miezi ya Juni na Julai magoti yakimsumbua.

Jumanne asubuhi mjomba alipita tena bila kuitwa. Mipira ikipata moto mara ya kwanza hujibana, klipu zikalegea kidogo. Akakaza kila moja nusu mzunguko, akaongeza kulanti kidogo kwenye rejeta, akanawa mikono kwa yale maji ya silinda, na akaondoka kwenda jeti, ambako boti ya uvuvi ilikuwa ikimngoja.