Kamati imeshauri tu, halmashauri imeshauriwa tu, mama yangu ndio analipa

Mama yangu anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria huku upande wa Ilemela, Mwanza, tangu mimi niko shule ya msingi. Mitumbwi ikirudi alfajiri ananunua mabeseni mawili, siku ikiwa nzuri matatu, anamwaga kwenye chanja, mchana kutwa anageuza na kufukuza kunguru. Kila beseni likitoka pale linalipiwa. Mwaka juzi ilikuwa mia tano, siku moja tukakuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya mzani, ina muhuri, inasema kuanzia tarehe moja ni elfu moja "kwa mujibu wa maazimio ya kikao". Basi, imeishia hapo. Kikao gani, cha lini, nani alikuwepo, hela ya nyongeza inakwenda kufanya nini, hakuna.

Nikasema twende tukaulize, maana kuuliza si kosa. Tulimkuta katibu wa kamati ya BMU, kile kikundi cha watu wa mwaloni kinachosimamia uvuvi, amekaa chini ya turubai, mbele yake kuna kaunta buku limevalishwa nailoni lisilowe, magamba ya samaki yamegandia kwenye kona. Mama akamsalimia vizuri, akaeleza shida. Muda wote anaongea yule katibu kiganja chake kiko juu ya lile daftari, hakukitoa hata mara moja. Akasema, "Mayu, muhtasari ni mali ya kamati, hausomwi na kila mtu." Mama akamjibu taratibu, "Baba, mimi sijaomba kiti chako, naomba nisome hela yangu ilijadiliwaje." Jamaa akanyamaza kidogo, alafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananikera, eti wao hawajapandisha kitu, wao walishauri tu, halmashauri ndio ilipitisha.

Haya, tukapanda daladala mpaka ofisini. Kijana wa pale alitupokea kwa heshima kabisa, shikamoo mama, kaa mama, lakini jibu lake likawa kwamba wao walipokea mapendekezo kutoka mwaloni, wakaona wadau wenyewe wameridhia. Wadau wenyewe ni nani kama sio mama yangu na wenzake wanaoanika pale?

Tukarudi kimya. Njia nzima nawaza hilo jambo, yaani aliyeshauri hajibu kwasababu hakuamua, na aliyeamua hajibu kwasababu alishauriwa, kwahiyo uamuzi upo, unakusanya hela kila asubuhi, lakini ukiutafutia mwenyewe humpati. Na hii sio ya mwalo wetu tu. Hesabu vyombo vilivyotuzunguka hapa ziwani: BMU kila mwalo, vyombo vya watumia maji vijijini vilivyowekwa na sheria ya maji ya 2019, bodi ya maji ya bonde, kamati za shule na za zahanati, huko juu LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, pale Jinja iliyoanzishwa 1994 na sisi na Kenya na Uganda. Vingine vinashauri, vingine vinatekeleza, vingine vyote viwili. Wengi waliomo hatukuwapigia kura kama diwani au mbunge lakini wanagusa sahani yetu kuliko mbunge.

Sisemi wote ni wezi, kwa kweli hapana. Hawa wa BMU wengi wanajitolea, wanatoka doria usiku kukamata nyavu haramu za makokoro na timba, na ziwa hili ni letu kuliko wenzetu, nusu ya maji yake yote iko Tanzania. Nawaheshimu. Ila BMU sio kamati peke yake, watu hapa wamesahau, kuna mkutano mkuu wa BMU wenye watu wote wa mwaloni, tajiri mwenye mitumbwi, mvuvi, mchuuzi, fundi wa mitumbwi, mama wa dagaa, na huo mkutano ndio mkubwa, kamati inatoka kwake na inarudi kwake. Mama anasema mkutano wa namna hiyo mara ya mwisho ulikuwa wa kuchagua viongozi.

Wenzetu walishaliona hili la "tunashauri tu" zamani. Marekani mwaka 1972 walitunga sheria kwa ajili ya kamati zinazoishauri serikali, kwamba kikao kitangazwe mapema, mlango uwe wazi, muhtasari uandikwe na mtu akiutaka aupate, na wajumbe wasiwe wa upande mmoja tu. Milango inaweza kufungwa kwa sababu maalum lakini kanuni ni kwamba iko wazi. Uingereza nao walikuwa na kelele nyingi kuhusu wabunge waliolipwa kuuliza maswali bungeni, na kuhusu hivi vyombo vya serikali ambavyo havipo ndani ya wizara, 1994 waziri mkuu John Major akaunda kamati chini ya jaji Nolan, mwaka uliofuata ikatoa misingi saba ya utumishi wa umma, na uwajibikaji na uwazi vimo humo. Wale ni matajiri wana ofisi na makarani, sawa, lakini kusoma muhtasari kwa sauti chini ya mwembe kunahitaji utajiri gani?

Na sisi wenyewe tumeshafanya. Tume ya Nyalali ilipozunguka nchi kuuliza habari ya vyama vingi, ilisema wazi kwamba kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, alafu ikapendekeza vyama vingi na ikaeleza kwa nini. Mpaka leo unaweza kubishana na ile tume kwasababu ilionyesha hesabu yake. Hata kwenye maji ya bomba, mamlaka ikitaka kupandisha bei lazima ipite EWURA, mdhibiti wa maji na nishati, na EWURA inaitisha mkutano wa taftishi, mteja anasimama anasema hii bei hapana. Kwanini bei ya lita ya maji ijadiliwe mbele ya watu na ushuru wa beseni la dagaa ujadiliwe chini ya kiganja?

Tulijitoa kwenye ule mpango wa kimataifa wa serikali wazi mwaka 2017 na iliniuma, lakini sheria yetu ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016 ipo. Raia anaomba taarifa, taasisi ina siku zisizozidi 30 kumjibu, ukinyimwa unaomba mkuu wa taasisi apitie upya. Sio lazima uwe wakili. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwenda halmashauri, nikaomba vitu vitatu tu: muhtasari wa kikao kilichopendekeza elfu moja, sheria ndogo inayoruhusu, na mapato na matumizi ya mwalo kwa mwaka mmoja. Nikafanya kopi mbili, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yangu, hili usilisahau kabisa maana bila muhuri siku zako 30 hazina pa kuanzia.

Siku ya 27 nikapigiwa simu. Nilipewa karatasi ya jumla ya mapato, namba moja chini imepigiwa mstari, na nakala ya sheria ndogo. Kwenye sheria ndogo imeandikwa mia tano. Muhtasari hawakunipa, wanasema uko mwaloni.

Nimeandika ombi la kupitiwa upya na wanawake kumi na moja wa kwenye chanja wameweka sahihi, wengine dole gumba. Mama sasa hivi analipa mia tano, anamuonyesha mkusanyaji kopi ya sheria ndogo ameiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kanga, na anadai risiti. Wiki iliyopita mkusanyaji alichukua ile mia tano akaandika risiti bila kubisha. Kikao cha mwalo kimetangazwa Jumamosi saa nne, safari hii tangazo lina agenda, na ya tatu ni "kusoma muhtasari uliopita".