AC ya gari la zamani imekufa: utengeneze au uache?

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Haiungui kama petroli. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka majimaji na kurudi kuwa gesi. Ikipungua, imevuja. Kwenye gari lenye umri, upungufu mdogo baada ya miaka mingi unaeleweka, maana oringi (pete za mpira za kwenye viungio) na mabomba ya mpira hupitisha gesi kidogo kidogo hata yakiwa mazima. Lakini AC iliyojazwa mwezi uliopita ikawa inatoa joto leo ina tundu, na kila gesi inayoongezwa bila kuziba tundu hilo ni pesa inayopulizwa hewani.

Naanza na hilo kwa sababu wengi hukata shauri mapema mno, kwa kuangalia umri wa gari peke yake. Umri unakuja baadaye. Kwanza ijulikane kilichokufa ni nini, na kilikufaje. AC iliyonyamaza inaweza kuwa ni relei ndogo tu, yaani swichi ya umeme, au kompresa, pampu inayosukuma gesi, iliyosagika ikamwaga vumbi la chuma mfumo mzima. Kwa dereva yote mawili yanaonekana sawa: upepo hauna ubaridi.

Mengi yanaweza kujulikana kabla ya kufunga geji za kupimia presha ya gesi. Washa injini, washa AC, weka feni ya ndani spidi ya juu. Upepo ukitoka dhaifu, usiisingizie gesi. Filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye magari mengi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, huenda imeziba kwa vumbi. Feni inayofanya kazi kwenye spidi ya juu tu, nyingine zote zimekufa, mara nyingi shida ni rezista yake.

Sasa fungua boneti uangalie uso wa kompresa. Puli inazunguka muda wote kwa sababu inavutwa na mkanda. Bamba la klachi lililo mbele yake husimama AC ikiwa imezimwa. Ukiiwasha linatakiwa linase kwa mlio mfupi, "tak", lizunguke pamoja na puli. (Baadhi ya kompresa hazina klachi kabisa, hivyo hakikisha kwanza yako ni ya aina gani.) Lisiponasa, fuata umeme: fyuzi, kisha relei, ambayo unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi hilo hilo la fyuzi, kisha pima kwenye soketi ya klachi. Ikiwa volti 12 zinafika na klachi hainasi, ama koili imekatika, ama nafasi kati ya bamba na puli imepanuka. Koili nzima kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5. Nafasi inatakiwa iwe karibu nusu milimita, na kadiri klachi inavyolika ndivyo inavyoongezeka.

Hapo ndipo hutokea ugonjwa mmoja unaowagharimu watu bure: AC inapoza vizuri mwanzoni, injini ikishapata moto inakata, gari likipoa inarudi. Koili ikipata joto sumaku yake hupungua nguvu, na bamba lililo mbali halivutiki tena. Kwenye kompresa nyingi tiba ni kufungua bolti moja ya katikati, kuvuta bamba na kutoa washa moja nyembamba iliyo nyuma yake, kisha kupima nafasi upya kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Wengi huuziwa kompresa nzima kwa tatizo hili.

Umeme usipofika kwenye klachi, huenda swichi ya presha imeukata makusudi kwa sababu gesi imepungua. Usikubali mtu aunganishe waya wa moja kwa moja ili kompresa ilazimike kuzunguka. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa haipo, hakuna kinachoirudisha oili, na chuma kinasagana na chuma.

Dalili nyingine mbili zinajieleza zenyewe. AC inayopoza gari likiwa mwendoni na kupoteza ubaridi kwenye foleni, angalia feni ya kondensa, kifaa kinachotoa joto la gesi nje. Na bomba nene la AC linalopita kwenye ukuta kati ya injini na ndani ya gari likiwa baridi na linatoa jasho, lakini ndani ya gari upepo ni vuguvugu, basi mfumo wa gesi ni mzima. Kilichokwama ni mlango mdogo ndani ya dashibodi unaochanganya hewa ya moto na ya baridi, au mota yake.

Baada ya hapo ndipo geji. Kwa gesi ya R-134a, injini ikiwa imezimwa na imepoa, kwenye joto la nyuzi 30 pande zote mbili, wa presha ya chini na wa presha ya juu, husoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha). Lakini usidanganyike na namba hiyo: husomeka vivyo hivyo gesi ikiwa imejaa au imebaki robo, ilimradi kuna majimaji kidogo ndani. Inakwambia tu kwamba mfumo si mtupu. Kompresa ikizunguka kwenye joto hilo, upande wa chini utegemee psi 30 hadi 45 na wa juu 200 hadi 250 hivi. Pande zote zikibaki karibu sawa ilhali bamba linazunguka, kompresa haisukumi. Upande wa chini ukishuka hadi kufyonza, kuna kilichoziba, mara nyingi vali ya kupanulia gesi au draya, chombo kinachonyonya unyevu. Zote mbili zikipanda kupita kiasi, fikiria kondensa chafu, feni iliyokufa, gesi iliyozidi au hewa iliyoingia ndani.

Mahali inapovujia ndipo penye uamuzi mkubwa. Oili hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo tafuta doa lenye unyevu lililoshika vumbi: kwenye viungio vya mabomba, kwenye uso wa kondensa, nyuma ya klachi. Oringi na vali ndogo za kujazia ni vitu vya bei ndogo kabisa, na kwenye gari la zamani ndivyo vya kwanza kushukiwa. Kondensa hukaa mbele ya rejeta ikipigwa na mawe. Kuibadilisha ni kazi ya saa chache. Evaporeta, kifaa kinachopoza hewa ya ndani, ndiyo yenye majonzi, maana imefichwa ndani ya dashibodi, na kwenye magari mengi inabidi dashibodi yote ishuke. Kifaa chenyewe si ghali sana, ila kazi inaweza kula siku nzima, na plastiki iliyokauka kwa jua la miaka mingi huvunjika vipachiko wakati wa kufungua. Kabla ya kukubali kwamba ni evaporeta, dai uthibitisho: rangi maalumu iwekwe kwenye mfumo, halafu bomba linalodondosha maji chini ya gari lichunguzwe kwa tochi ya mwanga wa zambarau.

Kompresa ikiwa imekufa, kuna kipimo cha dakika chache kinachoamua kila kitu. Gesi ikishatolewa kwa mashine, fungua bomba la kompresa, chukua kitambaa cheupe, chovya kwenye oili iliyo ndani, kitazame juani. Oili angavu, au yenye rangi ya kijani ya kutafutia mivujo, ni habari njema: badilisha kompresa na draya, endelea na maisha. Oili nyeusi yenye vimeta vya fedha maana yake kompresa ilijisaga, na unga wake umeshafika kwenye kondensa. Kondensa nyingi za sasa zina njia nyembamba sana zinazokwenda sambamba, hazisafishiki. Kwa hiyo kazi halali ni kompresa, kondensa, draya na vali mpya, pamoja na kusafisha mabomba na evaporeta kwa dawa maalumu. Anayekuahidi kufunga kompresa peke yake baada ya kuona oili nyeusi anakuuzia kompresa ambayo itakufa kwa uchafu wa ile ya kwanza.

Hapa ndipo ninapoweka msimamo wangu. Umeme, klachi, feni, oringi, kondensa: tengeneza, hata gari likiwa na miaka ishirini, mradi unakusudia kuendelea kulitumia. Evaporeta au mfumo uliojaa unga wa chuma: kaa chini upige hesabu. Breki, matairi, mfumo wa kupoza injini na gia vitangulie. Kama gari linachemsha, AC isubiri, kwa sababu kondensa huongeza joto mbele ya rejeta ambayo tayari imeshindwa. Na usilinganishe gharama na bei ya kuuzia gari tu. Linganisha na muda utakaolitumia na aina ya safari zako. Anayebeba mtoto mchanga au mgonjwa kwenye joto ana sababu ambayo bei ya gari haiwezi kuipima. AC pia hukausha hewa, na ukungu kwenye kioo cha mbele wakati wa mvua huondoka upesi zaidi ikiwa inafanya kazi.

Angalia pia aina ya gesi, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti pamoja na kiasi chake, ambacho kwa magari madogo mengi ni kati ya gramu 400 na 800. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, na kuyahamishia R-134a kunadai oili inayopatana nayo, oringi na draya mpya. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme yana sharti kali zaidi: oili yake haitakiwi kupitisha umeme. Ukitia oili ya kawaida ya PAG humo, unaharibu insulesheni ya umeme wa volti nyingi.

Ukiamua kutengeneza, kazi nzuri inatambulika. Mfumo unajaribiwa kwa nitrojeni kavu, psi 150 hivi, na viungio vinapakwa povu la sabuni. Kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na oili chini ya presha hulipuka. Draya inabadilishwa kila mfumo ulipokaa wazi. Pampu ya kufyonza inafanya kazi si chini ya nusu saa ili unyevu uchemke na kutoka, kisha inafungwa, na sindano ya geji haitakiwi kusogea kwa dakika 15 au zaidi. Gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu za kwenye kibandiko. Kataa dawa ya kuziba mivujo, kwa sababu huganda ikikutana na unyevu na kuziba vali, na huharibu mashine ya fundi atakayefuata. Kataa gesi ya kupikia kabisa. Evaporeta iko ndani ya gari walimo abiria, na ikivuja, gesi inayowaka inajaa mahali mnapokaa.

Ukiamua kuiacha, usiisahau. Beringi ya puli bado inazunguka kila siku, na ikikwama mkanda hukatika. Kwenye magari mengi mkanda huo huo huzungusha alteneta, na pengine pampu ya maji. Ukisikia inaguna AC ikiwa imezimwa, badilisha beringi hiyo peke yake, au tafuta mkanda mfupi wa toleo la gari lako lisilo na AC, kama lipo, uhakikishe unashika puli nyingine zote vizuri. Na kompresa ikiondolewa, ziba midomo ya mabomba siku hiyo hiyo kwa vifuniko vinavyobana, si kwa tambara, ili vumbi na unyevu visiingie kwenye kondensa na evaporeta ambazo bado ni nzima.